Kupwa kwa Maji Kihonda

Tangi la kioo lilifika Kihonda Jumamosi asubuhi kwa guta, limeviringishwa blanketi kama mgonjwa, na fundi Erick akaliteremsha huku akifukuza kuku wa jirani. Hidaya alikwishaliandalia meza ya chuma sebuleni, pale palipokuwa na kabati la vyombo. Mumewe, Abeid, ambaye ni fundi umeme, aliuliza swali moja tu.

"Samaki wa kula au wa kuangalia?"

"Wa kuangalia. Wa baharini."

Abeid alishusha pumzi, akaenda kuchomeka pampu.

Bahari iko mbali na Morogoro, na hilo Hidaya alilijua fika. Lakini tangu mjomba wake, mzee Kibwana, alete habari kwamba mvua za masika zimeporomosha shamba la marehemu mama yake huko juu mlimani, kaburi na yote, Hidaya hakuwa na mahali pa kwenda kuzuru siku ya Idi. Watu wakienda makaburini, yeye alibaki akipepeta mchele. Alitaka kitu cha kukaa mbele yake akitazame, basi. Habari ya mjomba hakuitilia shaka. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama, na mjomba ndiye mtunzaji wake. Nani amwombe mjomba ushahidi?

Alijifunza kwenye simu. Maji ya bomba yana dawa, alisoma, yataua viumbe. Kwa hiyo alimwagiza Rosa, mama wa mboga anayeshuka kutoka kijijini kwao na matenga ya kabichi, amletee madumu ya maji ya chemchemi, ile iliyo chini ya shamba la mama. Chumvi maalumu ilitoka Dar ndani ya ndoo, na Martina wa nyumba ya pili akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ndoo nzima ya chumvi! Shoga, unakausha ng'onda?"

Wanaoanza kufuga samaki wa bahari huponzwa na haraka. Unatakiwa uweke maji na chumvi, na mawe yaliyotolewa baharini pamoja na vijidudu vyake, kisha ukae na tangi lisilo na samaki kwa majuma, mpaka maji yakomae. Hidaya hakukosea hapo, maana subira anayo. Yeye alikosea kwingine. Maji ya chemchemi ile yakishushwa mjini, kata ya kwanza humwagwa chini, ni ya waliotangulia. Hidaya aliangalia vigae vyake, vilivyopigwa deki asubuhi ileile, akasema aah, wataelewa. Akamimina yote tangini, akakoroga chumvi.

Maji yalianza kupwa na kujaa hata kabla ya samaki kuingia. Asubuhi yalikuwa yamejaa hadi ukingoni. Alasiri yalikuwa nusu. Abeid alipapasa chini ya meza, akakuta pakavu. Akakagua gundi ya pembeni, ikawa nzima.

"Halivuji," alisema. "Linapwa tu. Mwezi mpevu huu."

Akarudi kwenye chai yake.

Samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, walipokuja kwa basi kutoka Dar, waliyazoea maji hayo upesi. Yakipwa, wanajibanza kwenye kidimbwi kati ya mawe. Yakijaa, wanatoka. Feni ya sebuleni ikageuzwa iwapulizie wao, maana joto la Kihonda halina adabu, na Abeid akaanza kulala mchana kifua wazi akinung'unika kwamba heri angezaliwa samaki.

Mwezi uliofuata ulipoandama, maji yalitoka bamvua, yakapwa kuliko siku zote. Hidaya alikuwa ametoka kuswali alasiri. Aliona maji yakirudi nyuma ya mawe, na kurudi tena, kupita ulipo ukuta wa nyumba, na mchanga ulioachwa wazi ukapanda, ukawa udongo mwekundu, ukawa matuta yaliyopangwa ubavuni mwa mlima. Migomba ilikuwapo. Chemchemi ilikuwapo, nyembamba kama uzi, na ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msituni. Mlima mzima, na haukuzidi upana wa sinia. Hidaya alipiga magoti bila kujijua. Hakuogopa. Alijiona mdogo, kisha akafurahi, kwa sababu shamba la mama yake halikuwa limeporomoka hata kidogo.

Ndipo alipoona seng'enge. Ilizunguka matuta yote, na palipokuwa na mahindi palisimama nyumba ya ghorofa yenye paa la buluu. Kulikuwa na geti jeusi la chuma. Nje ya geti alisimama mama yake, kanga kiunoni, jembe begani.

"Shikamoo mama," Hidaya alisema.

Kiputo kimoja kilipanda, kikapasuka juu ya kidimbwi.

"Marahaba," sauti ikasikika sebuleni.

Rosa alipoleta madumu mengine, alichungulia tangini, akapangusa jasho.

"Ehe, ndilo lile geti la tajiri wa mjini. Babu Kibwana alimuuzia. Si mlikubaliana kwenye ukoo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza, dada."

Mzee Kibwana aliitwa, akaja na kofia yake safi. Aliamkiwa, akapewa kiti na chai. Maji yalipopwa alivaa miwani, akaangalia kwa muda.

"Ni hapohapo," alisema. "Geti wamelipaka rangi upya."

"Mjomba, uliniambia limeporomoka. Nikasoma hitima hapa, watu wakala wali, kumbe kaburi lipo!"

"Ningekwambiaje, mwanangu? Wewe una vigae. Ardhi inataka mtu wa kuikalia." Aliinamia kioo. "Dada," aliita polepole.

Dada yake alimgeuzia mgongo. Mzee Kibwana alimaliza chai, akauliza kama wale samaki wekundu wananona, akaondoka.

Hidaya alipanda mlimani. Mlinzi wa getini alimwambia kwa upole kwamba kaburi lipo, limepandwa maua, ila bosi haruhusu watu. Wazee wa ukoo walimwambia la kuvunda halina ubani. Alishuka akilia hadharani, na hakujali nani anamwona.

Siku ya Idi alijifunga kanga mpya, akaketi mbele ya tangi na Abeid. Joto linapunguza maji lakini chumvi inabaki, kwa hiyo tangi huongezwa maji matamu tu. Hidaya alichota kata ya kwanza akaimwaga chini. Vigae vikainywa kama udongo, pakakauka. Ndani ya tangi mama yake aliinama kwenye chemchemi, akanywa, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga. Hidaya alisoma Yasini yote, na mama akasikiliza, mkono mmoja ukiwa getini.

Kisha maji yakaanza kujaa. Samaki wakatoka kwenye kidimbwi, wakapita juu ya migomba, wakapita juu ya paa la buluu.

"Atalowa," Abeid alisema.

"Hatoki hapo," alijibu Hidaya.

Maji yakafika ukingoni. Kule chini geti lilikuwa bado limefungwa, na mama alikuwa bado amelishika komeo kwa nje.