Salamu kwenye Meza ya Dawa

Nimeitwa mwenye kiburi wodini, mtaani, mpaka kwa mama yangu mzazi, na kosa langu ni moja: nikipima dawa ya mtoto, siitikii salamu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Meza yangu ya dawa iko mlangoni, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu kila anayeingia lazima anipite, na kila anayepita ana mdomo. "Habari za kazi?" "Za nyumbani?" "Mbona umekonda hivyo?" Wakati huo nimeshika bomba la kupimia dawa, macho kwenye vistari vyake, kichwani uzito wa mtoto na kipimo chake.

Kwenye mafunzo tulielezwa jambo ambalo watafiti wa akili wamelichunguza sana: kumbukumbu tunayofanyia kazi ni ndogo kama kiganja. Ukitia jipya, la zamani linamwagika. Tena akili haifanyi mawili kwa pamoja. Inaruka huku na huku, na ikirudi haijui vizuri ilipoachia. Mwenzangu wa zamu aliulizwa tu harusi ya dada yake ilikwendaje. Akajibu, akacheka, kisha akampimia kichanga mara ya pili dawa ya homa, ambayo ikizidi huharibu ini. Mama wa mtoto ndiye aliyemshika mkono: "Si umeshampa?"

Tangu siku hiyo, nikishika bomba mimi ni jiwe. Wakanibandika jina: Kinuna.

Malalamiko yakafika kwa matroni, mkuu wetu. Akaniita ofisini.

"Mwanangu, watu wanakusalimu, wewe unawatazama kama ukuta?"

"Siwatazami kabisa, mama. Natazama dawa."

"Miaka yote nimepima dawa huku naongea. Nimemuua nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba kosa lisiloonekana halipigi hodi.

"Kuanzia kesho utaitika kila salamu. La sivyo nakupeleka stoo ya mashuka, ukazinunie foronya."

Nyumbani nako mama alikuwa ananisubiri. "Hata mimi nilikuja pale nikakusalimu, ukanyamaza! Nilikunyonyesha bure?"

Adabu gani hii inayotaka kulipwa kwa ini la mtoto wa mtu?

Kesho yake nilitii. Nilitii kupita kiasi.

"Habari za asubuhi, kijana?" akauliza mzee mmoja aliyepita akichechemea.

Nikaweka bomba chini. "Nzuri sana, baba! Za kwako? Watoto? Na ule mguu unaendeleaje?" Alipoondoka nikachukua kadi ya mtoto na kuanza mwanzo: jina, uzito, kipimo. Sijafungua chupa, mwingine huyo anapita. Nikamchangamkia naye, nikaanza tena. Foleni ya wazazi ikatoka mlangoni, ikashuka ngazi. Sikufurahi, watoto walikuwa wanalia, na kila kilio kilinichoma.

"Wewe, mbona unasoma kadi hiyo hiyo?" aliuliza bibi mmoja, amempakata mjukuu anayewaka homa.

"Kila nikisalimiwa hesabu inanitoka, bibi. Nikikisia, atakayekunywa ni mjukuu wako."

Bibi akageukia mlango. "Jamani, fungeni midomo! Salamu mkapeane kwenu!"

Pakatulia. Nikavuta dawa. Ndipo matroni akatokea, amejaa tabasamu. "Hamjambo, hamjambo! Leo naona Kinuna wetu amechangamka!"

"Shhh!" Benchi zima la wazazi likamnyamazisha.

"Wewe mama, huoni anapima?" bibi akamfokea. "Au unataka kunizikia mtoto?"

Matroni akarudi nyuma mpaka ukutani, akasubiri mpaka mjukuu alipomeza tone la mwisho. Kisha akaondoka.

Stoo sikupelekwa. Wiki iliyofuata kibao kilipigiliwa juu ya meza yangu: USIMSEMESHE ANAYEPIMA DAWA. Chini yake, kwa herufi nene: AGIZO LA MATRONI. Kwenye mkutano wa wafanyakazi walimpigia makofi kwa ubunifu wake. Mimi nilifunga mikono kifuani, sikupiga hata kofi moja.

Jumapili mama alipita kunisalimu. Akasimama chini ya kibao, akakisoma chote kwa sauti.

"Unaona? Mkuu wenu ana akili," akasema. "Siyo wewe na kununa kwako. Angalau yeye ameeleza sababu. Eti? Nasema na wewe!"

Bomba lilikuwa mkononi, dawa ikikaribia mstari. Sikumjibu.