Kutu kwenye Sufuria ya Shangazi

Mwenzenu nimekuwa msaidizi wa mpishi wa kambi, tena kwa muda mfupi kuliko mtu anavyokaa na nguo ya kuazima. Nimelala kwenye hema lenye zipu, nimekunywa chai ya moshi, na kila nilipotaka kufurahi niliikumbuka sura ya wifi yangu, furaha ikaingia mchanga.

Ngoja nianze vizuri. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetulea mimi na kaka. Kazi yake ni kuwapikia watu wanaokuja kupanda mlima, kwa moto wa kuni, na sufuria anayoitegemea ni moja: ya chuma, nene, nzito kama dhambi, nyeusi ya kung'aa kama mgongo wa mende. Hiyo haioshwi kwa sabuni. Inafutwa kwa chumvi na kitambaa, inapakwa mafuta, inarudi kabatini. Nimekua nayo na sikuwahi kuuliza kwa nini. Nikaenda chuo, nikarudi na cheti na kiherehere cha usafi.

Safari hii shangazi alikuwa amchukue wifi, mke wa kaka, awe msaidizi wake. Ingekuwa kazi yake ya kwanza. Alishafunga mfuko, akaufungua, akaufunga tena. Sasa wao wakiwa sokoni, nikasema niwafanyie jambo. Nikaisugua ile sufuria kwa waya na sabuni ya unga mpaka weusi wote ukatoka, ikabaki kijivu kama paka. Nikajisifu mwenyewe. Nikaiacha na maji yake kwenye karai, nikaenda zangu kutazama tamthilia.

Asubuhi ilikuwa rangi ya chungwa. Kutu ndani, kutu nje.

Shangazi hakufoka. Alimgeukia wifi, maana vyombo vya nyumba ile anaosha wifi.

"Umeifanya nini hii?"

"Sijaigusa, shangazi."

"Kwa hiyo ilijikuna yenyewe ilipowashwa?"

"Kweli sijaigusa."

"Kuharibu si neno, binti. Lakini kunikana mchana kweupe? Porini nikikuuliza kama moto umezimwa, nataka jibu la kulalia usingizi. Utabaki."

Wifi alimtazama kaka. Kaka akatazama sakafu.

Mimi nilikuwa natafuna mkate. Mkate ukaisha mdomoni, na mimi bado natafuna tu.

"Basi twende wewe, msomi," shangazi akaniambia.

Na kibaya zaidi, nilifurahi. Roho iliruka kabla aibu haijavaa viatu.

Kambini kazi ya kwanza ilikuwa kuifufua sufuria. Shangazi aliikwangua kutu, akaiosha, akaikausha juu ya makaa mpaka tone la mwisho likapotea. Akapaka mafuta kwa kitambaa, ndani, nje, mpaka kwenye mfuniko, kisha akayafuta yote kama mtu aliyejuta kuyapaka.

"Yakibaki mengi inanata," alisema. "Sasa iinamishe kwenye moto, itoe moshi mpaka inyamaze. Ikipoa, unarudia. Ngozi yake inajengwa hivyo, kidogo kidogo. Ile iliyotolewa juzi nimeijenga tangu hujaota meno."

Nilipaka, nikafuta, nikapaka. Moshi uliniingia machoni, nikashukuru, kwa sababu nilikuwa na sababu nyingine ya kutoa machozi.

Mayai ya kwanza yaligandana na chuma. Kiongozi wa wapanda mlima akachungulia. "Mama mpishi, leo tunakula mayai au tunabandua rangi ya ukuta?"

Shangazi alicheka naye. Kiongozi alipoondoka, akasema polepole, "Wifi yako ana mkono wa jikoni kukuzidi, usininunie. Ila mwongo. Nikirudi nitamwambia kaka yako awe naye macho."

Sufuria inapakwa mafuta. Mtu akishapakwa uongo anafutwa na nini?

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeisugua."

Aliendelea kubandua mayai. "Na mkate ulikuwa mtamu?"

Akanyoosha mwiko kuelekea juu ya kambi.

"Pale kwenye jiwe kuna mtandao. Mpigie wifi yako. Weka sauti juu, na mimi nisikie."

Nikapiga. Nikasema yote kwa mkupuo, bila nukta.

"Nilijua," akasema. "Kucha zako zilikuwa nyeusi."

"Mbona hukusema?"

"Mimi niliyeolewa juzi nimtaje mtoto wa nyumba? Ningeitwa mwongo na mchonganishi juu yake."

Shangazi akaichukua simu. "Mke wa mwanangu, nimekukosea. Lori la maji linapanda asubuhi. Panda uje."

"Na yeye?"

"Atashuka nalo."

Wifi alifika na mfuko wake begani. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, yakatoka mawili tu: "Wifi, samahani."

"Nimesikia," akasema. "Lakini mume wangu hajanisemesha tangu mwondoke. Anza na huyo."

Akanipita. Shangazi alisogea kwenye gogo kumpa nafasi, wakainamia sufuria pamoja, vichwa karibu kugusana.

Nikapanda lori. Njia nzima dereva alipiga soga, mimi nikiitikia tu, najaribu sentensi moja baada ya nyingine. Tulipofika, kaka alikuwa mlangoni. Akauliza mbona nimerudi mapema.

Nikamwambia akae kwanza.