Mechi Ambazo Milembe Hakuzicheza

Mwaka ambao Keneth alirudi kutoka Mwanza na kompyuta zake, watu wa Bariadi walikuwa wameshazoea kuona mambo mapya yakiingia mjini kila msimu. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa iligombewa na makampuni ya watu binafsi, na kampuni za simu zilikuwa zinashindana kupaka rangi kuta za maduka. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa sana Keneth alipopanga stoo ya zamani ya ushirika, akafunga dishi juu ya bati na kuandika mlangoni "Intaneti".

Aliyefurahi kuliko wote ni Milembe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, na Keneth kwake alikuwa zaidi ya jirani. Wote wawili walizaliwa Ngulyati, nyumba zao zikitazamana. Mama yake Milembe alipougua baada ya kujifungua, Mama Keneth ndiye aliyemchukua yule mtoto akamnyonyesha pamoja na wake. Tangu hapo Keneth alimwita Milembe dada, naye akamwita kaka, na kule kijijini hakuna aliyeona sababu ya kueleza zaidi.

Milembe alikuwa na jambo moja ambalo pale Bariadi hakuwa na mwenzake wa kulishiriki. Chuoni alikosomea ualimu alifundishwa sataranji na mkufunzi mmoja, ambaye alipostaafu alimwachia ubao wake wa mti na kete zake zote. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti kwenye baraza za maduka waliutazama ubao ule wakacheka. "Hii ni drafti yenye vichwa vya farasi," walisema, wakarudi kwenye vizibo vyao vya soda. Kwa miaka Milembe alikuwa akicheza peke yake, mkono wa kulia ukipambana na wa kushoto.

"Dada, huko kwenye mtandao kuna watu wanacheza huu mchezo wako mchana kutwa," Keneth alimwambia siku moja. "Dunia nzima."

Alimfungulia akaunti yeye mwenyewe, kwa kuwa Milembe hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Alichagua jina, akachagua na neno la siri, akamwandikia kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya wino. Alasiri ile Milembe alicheza na mtu wa Uturuki, akafungwa vibaya, akatoka nje akitabasamu peke yake barabarani mpaka wanafunzi wake wakamtazama.

Ikawa desturi. Akishasahihisha madaftari anapita kwa Keneth, anakaa kwenye kompyuta ya dirishani, na Keneth, wateja wakiwa wachache, anasimama nyuma yake. Mwanzoni alikuwa haelewi lolote. Baadaye alianza kuona. Siku Milembe alipopoteza mechi aliyokuwa anaongoza kwa ngome nzima, aliinamisha kichwa kwenye meza.

"Unataka nikwambie ukweli?" Keneth aliuliza.

"Niambie."

"Wewe unacheza vizuri mpaka pale unapoanza kushinda. Ukiwa umebanwa, una subira kama mtu anayengoja mvua. Farasi wako wanafika mahali ambapo mwenzako hajapafikiria. Na vile viaskari vyako vidogo unavitunza, hakuna anayekupita hapo. Lakini ukishapata cha ziada, unaanza kukimbia, kama umekiiba na mwenye nacho yuko nyuma yako."

Milembe aliinua kichwa. "Endelea."

"Malkia. Hutaki kabisa kubadilishana malkia, hata pale ambapo mkibadilishana mechi imekwisha, umeshinda. Na saa huitazami. Mara ngapi umefungwa kwa kuishiwa dakika tu?"

Hakuna aliyewahi kumtazama hivyo, si kwenye sataranji wala kwenye jambo lingine. Jioni ile walikaa wakapanga. Angecheza mechi chache, ndefu. Akifungwa, haruhusiwi kuanza nyingine mpaka aonyeshe ni wapi alipokosea. Kila siku angeanza na wafalme na askari peke yao ubaoni, ajifunze kumaliza kazi polepole. Na kwa mwezi mzima, kila akipata nafasi ya haki ya kubadilishana malkia, abadilishane, hata roho ikiuma.

Iliuma kweli. Lakini kabla ya mvua za vuli kwisha alikuwa anawafunga watu waliokuwa wakimchezea. Alama zake zilipanda taratibu, kama mahindi, huzioni zikikua lakini ukirudi baada ya siku kadhaa ziko juu. Ndipo mwanamke mmoja wa Mwanza anayeitwa Felisita, katibu wa klabu ya sataranji kule, alipomwona mtandaoni, akaomba namba yake na kumpigia simu. Klabu yao ilikuwa inatafuta wachezaji wa kupambana na klabu ya Kampala kwa njia ya mtandao, na washindi wangesafiri.

"Alama zako bado kidogo," Felisita alisema. "Ukizipandisha kabla ya mwezi wa tano, nafasi ni yako. Sisi hatuna mwanamke hata mmoja zaidi yangu."

Milembe alimweleza Keneth, na Keneth alipiga makofi mpaka wateja wakageuka. Kesho yake nusu ya soko ilikuwa inajua kwamba mwanafunzi wa Keneth anakwenda Kampala.

Likizo ya Pasaka ilipofika, habari zilikuja kwamba shangazi yake Milembe, Philomena, yuko mahututi kule Kimali, wilaya ya Meatu. Milembe alifunga mzigo akaenda. Kule simu ilishika mtandao ukipanda kilima tu, na yeye hakuwa na muda wa kupanda kilima; alikuwa akimgeuza shangazi kitandani, akimpa uji, akisali naye. Ijumaa Kuu waliiadhimisha ndani, kwa sababu mgonjwa hakuweza kutoka. Baada ya Pasaka shangazi alianza kukaa mwenyewe, na Milembe akarudi Bariadi amekonda lakini moyo mwepesi.

Alipita kwa Keneth kabla hata ya kufika kwake. Keneth alimpokea begi, akamuuliza habari za mgonjwa, akauliza tena, na tena.

"Keneth, kuna nini?"

Alimgeuzia kompyuta. Akaunti yake ilikuwa imefungwa. Mbele ya jina lake, mahali ambapo kila mtu anaona, yalikuwapo maneno ya Kiingereza kwamba mchezaji huyu ametumia msaada wa programu ya kompyuta kuwashinda wenzake.

Milembe alisoma mara ya pili, halafu akakaa chini.

"Mimi? Mimi hata hiyo programu siijui."

"Ndiyo hivyo, dada. Wale Wazungu hawaamini kwamba mtu wa Bariadi anaweza kuwafunga. Wameona unapanda, wakaamua wewe ni mwizi."

"Nizione mechi zenyewe."

"Akaunti ikifungwa, inafungwa na kila kitu chake."

Alimwamini. Angeachaje kumwamini? Hasira ilimpanda, na katika hasira hiyo aliandika kwa wenye tovuti, Keneth akimsaidia Kiingereza, akiwaambia kwamba wanawadharau watu weusi. Alipiga simu Mwanza. Felisita alimtetea mbele ya klabu nzima. Alisema anamfahamu mwalimu huyu, hawezi. Milembe alipolala usiku alisikia uchungu wa kuonewa, lakini pia aliona fahari kidogo, kwamba kuna watu wamesimama upande wake, na wa kwanza wao ni kaka yake.

Jumamosi moja, akiwa nyumbani anafua, Felisita alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Milembe, nimekaa nazipitia zile mechi zako, ili niwajibu hawa wanaokusema."

"Mechi gani? Si zimefungwa?"

"Hazijafungwa. Mtu yeyote anaziona. Ile ya Ijumaa Kuu na yule Mpolandi, kwa mfano..."

Milembe aliacha kanga kwenye beseni. "Ijumaa Kuu nilikuwa Kimali."

"Lakini mechi iko hapa, na jina ni lako," Felisita alisema.

"Nisomee hiyo mechi," Milembe alisema. "Hatua moja moja. Ngoja nilete ubao."

Aliuweka ubao juu ya kigoda pale uani, mikono yake bado ina povu, na Felisita akawa anasoma. Hatua za mwanzo zilikuwa zile anazozipenda. Kisha zikabadilika. Mchezaji yule alimtoa kafara farasi mzuri bila sababu ambayo Milembe angeweza kuiona, na sababu ikaonekana baadaye sana, baada ya hatua ambazo binadamu hawezi kuzihesabu. Alipopata cha ziada hakuharakisha. Hakusita popote, hakujilinda na kitu ambacho hakikuwepo, hakuogopa. Milembe alizijua mechi zake kama mwalimu anavyojua miandiko ya watoto, na huu haukuwa mwandiko wa mtoto wake yeyote.

"Sio mimi huyo," alisema.

"Nani mwingine ana neno lako la siri?"

Milembe aliinuka. Alikata simu, akasuuza mikono, akavaa viatu.

Keneth alikuwa na wateja wawili. Milembe alimsalimia kila mmoja, kisha akasema, "Kaka, njoo nje kidogo."

Walisimama ubavuni mwa ile stoo, penye kivuli chembamba.

"Ijumaa Kuu ulicheza na Mpolandi?"

Keneth alifungua mdomo ili akatae, ilionekana wazi, halafu akamtazama usoni na mabega yake yakashuka.

"Nilikuwa nakusaidia. Muda ulikuwa unakwisha, wewe uko Kimali, hupatikani. Alama zilikuwa zimebaki kidogo tu. Nikaweka ile programu pembeni, inaniambia hatua, mimi nabonyeza. Sikujua wana namna ya kugundua."

"Zilikuwa zimebaki kidogo. Kwa nini hukuningoja?"

"Ungechelewa."

"Nilikuwa na wiki tatu, Keneth. Ulidhani sitaweza?"

Keneth alibandua rangi ya ukuta kwa kucha. Kisha akasema, akitazama chini, "Nilishawaambia watu unakwenda. Mji mzima. Usipochaguliwa ningeonekana nini?"

Kuchezewa mechi Milembe angeweza kuvumilia, labda. Lakini alikumbuka barua ile waliyoiandika bega kwa bega, Keneth akitafuta maneno makali ya Kiingereza ili yeye, Milembe, awashtaki watu waliokuwa wanasema kweli.

"Ukaniacha niwaite wabaguzi," alisema. "Ukaniacha nimtume Felisita akanitetee."

"Nisamehe, dada."

"Mpigie simu sasa hivi. Mwambie ulichofanya, mimi nikiwa hapa."

Keneth alichukua simu. Alimsalimia Felisita vizuri, kwa adabu, akajitambulisha. Halafu akasema, "Kuhusu ile akaunti ya mwalimu, nimechunguza. Hapa kwangu wanaingia watu wengi, wengine siwajui. Inaonekana kuna mtu aliiona imeachwa wazi akaitumia. Siwezi kujua ni nani."

Alisema hayo huku Milembe amesimama mbele yake, akimtazama mdomo. Hakugeuka hata upande.

Milembe aliinyakua simu. "Felisita, ni yeye. Ni Keneth mwenyewe, ameniambia sasa hivi."

Felisita alikohoa. "Mimi nakuamini, Milembe. Lakini nikiwapelekea wenzangu maneno haya mawili yanayopingana, wataniuliza nishike lipi. Na kila anayefungiwa huwa ana mtu wa kumsingizia. Kampala tutakwenda bila wewe."

Milembe alimrudishia Keneth simu yake, kwa mikono miwili kama anavyorudishiwa mtu kitu chake, akaondoka. Hakupita tena kwenye ile stoo. Walimu wenzake walipouliza, alisema amechoka na kompyuta. Keneth, yeye, aliwaambia wateja kwamba mwalimu alipata bahati mbaya na Wazungu, na watu walisikitika, wakamsifu Keneth kwa jinsi alivyomlea.

Likizo ya mwezi wa sita, Milembe alipanda basi hadi Mwanza na ubao wake kwenye begi. Hakuwa amealikwa. Klabu ilikutana kwenye ukumbi wa kanisa moja, na alipojitambulisha, vijana wawili walijifanya hawakuuona mkono wake. Felisita alimkumbatia lakini haraka, macho yakiwa kwa wenzake. Mzee mmoja aliyeitwa Novatus, fundi saa, ndiye aliyemsogezea kiti.

"Kaa. Hapa hakuna kompyuta."

Alifungwa mechi ya kwanza. Ya pili wakatoka sare, na ya tatu alimfunga mzee yule baada ya kupambana mchana kutwa, wafalme na askari wachache tu wakiwa wamebaki. Baadhi ya watu walisogea kutazama. Hakuna aliyemwomba radhi. Novatus alimwambia klabu inakutana kila mwisho wa mwezi, na kama nauli si tatizo, aje. Akasema atakuja.

Wakati wa kurudi hakushukia Bariadi; aliendelea mpaka Ngulyati, kwa sababu ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Aliwakuta watu wa nyumba zote mbili shambani kwa Mama Keneth, Keneth pia, gunia limefungwa kiunoni. Mama Keneth alimwona kutoka mbali akaanza kupiga kelele za furaha.

"Ng'wanone! Mwanangu, umekonda! Na huyu kaka yako mbona hasemi habari zako? Mmegombana?"

Keneth aliinamia mche wa pamba.

"Hapana, mayu," Milembe alimjibu mama huyo aliyemnyonyesha. "Kazi zimetubana."

"Basi chukua gunia, ushike huo mstari wa pembeni yake. Mkimaliza huo tutakula."

Milembe alijifunga gunia kiunoni. Alipita mstari wa pembeni ya Keneth bila kusimama, akauacha na uliofuata, na mwingine, mpaka alipofika karibu na mpaka wa shamba, mbali na Keneth, alikokuwa akichuma mama yake mdogo. Hapo ndipo alipoanza kuchuma.