Msomaji Chini ya Draya

...na sura hii ya kumi na tisa ilikuwa tamu, tamu kweli, jana aliisoma dukani chini ya kaunta mpaka mzee mwenye kikohozi akaondoka na dawa ya minyoo, ikabidi amkimbilie barabarani na ndala moja mguuni, na leo macho yanapita juu ya mistari ile ile wala hakiingii kitu, draya inanguruma, masikio yanamuungua, na pale mbele mdogo wake kakaa kwenye kiti cha msusi, kichwa kimeshikwa, nusu kimesukwa nusu kimesimama wima, na huko nje honi inalia tena, piii, piii, msusi anacheka, "...kupendwa raha jamani, wangu mimi hata nikipotea wiki nzima ataulizia funguo tu...", wateja wanacheka, mdogo mtu hacheki, anajitazama kwenye kioo kama anayemtazama mgonjwa, "Nimebadilisha laini, nimebadilisha saluni, sijui amejuaje niko hapa," na hayo dada mtu anayasikia yote, neno kwa neno, draya au si draya.

Amejuaje. Loo, amejuaje... asubuhi simu ililia akiwa anapanga chupa za dawa ya mafua, akaona ni Mhandisi, ndivyo wanavyomwita nyumbani yule mchumba, na sauti yake ilikuwa imelowa, "Shemeji, nimekosa, nataka nimwombe radhi ana kwa ana, basi," na yeye moyo ukamruka, ukamruka jamani, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, kwa sababu alikuwa ametoka tu kusoma yule komando wa kitabuni mwenye kovu anavyovuka mvua na mafuriko kumtafuta binti aliyemkimbia, na jirani mwema anamwonyesha mlango, na wanakumbatiana, na msomaji alilia mpaka akapenga kamasi kwenye risiti ya mteja, basi akamwambia, saluni ya ghorofani, juu ya duka la viatu, saa nne, na akaongeza, ee Mola, akaongeza, "Beba maua"... nani alimtuma? Kiherehere chake tu. Maua yenyewe hayakubebwa, imeletwa honi.

Na si leo tu, leo ni mwisho wake, mwanzo ni ule ujumbe wa Mhandisi, mdogo wake alikuja jikoni na simu mkononi, soma dada, popote utakapojificha nitakupata, na dada mtu akashika kifua, akasema bahati iliyoje, mimi hata chumbani hanitafuti mtu, wakacheka, au alicheka peke yake? Peke yake. Mtoto wa watu alikuwa anauliza, hakuwa anaringa. Halafu mkono, zile alama za vidole juu ya kiwiko, nne upande huu, kidole gumba upande ule, na yeye akasema wanaume wenye damu ya moto ndivyo walivyo, kwa sababu kwenye vitabu hushika hivyo hivyo, humbana binti ukutani, pumzi zikaisha, na ukurasa unaofuata ni busu, hakuna kitabu hata kimoja kilichomwonyesha huo mkono kesho yake asubuhi, binti akivaa mikono mirefu kwenye joto... piii, piii, "Nenda basi umwambie bado rasta mbili!" msusi anampigia kelele msichana wa kufagia, "Asiende mtu!" ni mdogo wake huyo, mbona sauti imepanda hivyo.

Na yeye anajisifu kwamba hadanganyiki! Dukani wanamwita Mama Vitabu, mpe riwaya yoyote ya mapenzi yenye muuaji ndani, kufika sura ya tatu ameshamtambua mbaya, si yule mwenye kovu, kamwe, ni yule wa karibu anayemimina chai na kuuliza uko wapi mpenzi wangu, kikulacho ki nguoni mwako, husema hivyo na kufunga kitabu kwa maringo... lakini yule shujaa naye si hukaa ndani ya gari nje ya nyumba? Si hujua dirisha gani ni la binti? Muuaji anakaa kwenye gari, shujaa anakaa kwenye gari, wote wanasema nitakupata, na aliyemwambia msomaji huyu mpende, yule mwogope, ni kitabu, ni kitabu peke yake, na mdogo wake hana kitabu cha kumwambia, alikuwa na dada. Ana dada. Aibu inampanda toka magotini, angetamani sakafu ipasuke immeze na rola zake kichwani.

"Dada." Mdogo wake amenyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kichwa bado ki mikononi mwa msusi, vidole vinatafuta hewani mpaka vinaukuta wa kwake, ni baridi. "Nilikwambia wewe peke yako. Itakuwa ni simu, eeh? Wanasema siku hizi mtu anaweza kufuatwa kwa simu. Sivyo, dada?" Na uongo huo hapo, tayari, umepikwa na umepakuliwa, kazi yake ni kuitikia tu, ndiyo mdogo wangu, simu, simu hizi hazifai, na atabaki kuwa dada mwema mpaka kufa, na huyu mtoto atatupa simu nyingine, atahama chumba kingine, na kila akihama atamwambia nani? Yeye. Yeye peke yake.

"Si simu," anasema.

Honi inalia. Msusi anachana fundo. "Umesemaje, dada?" mdogo wake anauliza, kwa maana sauti ilitoka ndogo mno, haikufika hata kwenye kiti, na sasa itabidi aseme tena, kwa nguvu, watu wote wasikie, na ule mkono bado umemshika.