Viota vya Mlima Chongo

Mumbi, mtafiti wa ndege, alikataa hata chai. Alikaa sebuleni kwangu Hounslow, huku ughaibuni, na koti lake mwilini, akanifungulia nakala ya daftari la viota tuliloliandika mimi na marehemu Pradip miaka ya sabini.

"Mzee Msabaha, tumezunguka Jabali Jeusi wiki tatu. Hakuna hata kiota kimoja. Ijumaa napeleka report."

Nilijua kwa nini. Nilijua tangu aliponipigia simu mara ya kwanza, miezi minne nyuma, nikajitia hamnazo.

Mapinduzi yalinitoa Pemba kijana mbichi, yakanitupa bara. Huko Pradip akanichukua tukahesabu tumbusi, wale ndege wala mizoga, katika milima mikavu ya Umasaini, ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Wezi wa mayai walikuwa wakizisoma ripoti zetu, kisha wanakuja na kamba zao. Basi Pradip akaweka sheria: kiota cha mlima huu kiandikwe kuwa kiko mlima wa pili yake. Tuliojua ni sisi wawili tu, na sasa nimebaki mimi.

"Na Mlima Chongo, wa pili yake?" nikamuuliza.

"Huo hauna record ya ndege. Kuna kampuni ya kokoto inautaka. Nikiandika tumbusi hawako tena eneo lile lote, wataanza kulipua mwezi ujao."

Miaka yote hiyo mlima mtupu ndio uliolindwa, kwa ujanja wetu wenyewe.

Msinidhanie nilisahau. Nilitaka kwenda mwenyewe. Nilishanunua na viatu vya kupandia, mzee mzima, nikawa navivaa jikoni. Lakini figo zangu zimekufa, husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na binti yangu Suad akisikia neno safari hunikatiza, "Dad, don't even start." Niliona maadamu siri ninayo, iko siku watalazimika kuniita. Nikiitoa, nani atanitaka tena kule?

"Mwanangu," nikasema, "daftari hilo ni la uongo. Tumbusi wako Mlima Chongo, upande wa machweo. Tuliwaficha."

Alinikodolea macho. "Umekaa kimya miezi minne?"

"N'likuwa n'nataka kukupeleka mwenyewe."

Alikusanya karatasi zake akaondoka, na wala sikumlaumu.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu ya video. Nilikuwa hospitali, mkono umefungwa kwenye mashine. Upepo ulivuma hata sikumsikia, kisha akaigeuza simu, nikaona jabali limepakwa vinyesi vyeupe, na tumbusi mmoja akitua kwa pupa yao ile ile, miguu mbele.

"Thelathini na mmoja, Mzee! Wenye kokoto wamesimamishwa. Na kila kiota tumekitia kwenye GPS, hatutakusumbua tena."

Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Na nilitamani wanisumbue mpaka nife.

"Usikate," nikamwambia. "Nyuma yako pana jiwe bapa. Unaliona?"

"Naliona."

"Hapo ndipo n'likuwa nikikaa. Kaa kidogo."

Mumbi akakaa. Nilimwonea wivu hata nikashindwa kumwambia ahsante.