Gari Linalonusa Mafuta

Mhudumu wa kituo cha mafuta alifuta kioo cha mbele, akazungusha kifuniko cha tangi, akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa mama au kwa baba?"

"Kwa mama," akajibu mwenye gari.

"Basi tujaze kabisa, kaka. Wanaokwenda kwa baba wengi hugeuzia hapa. Wa kwa mama hujikaza."

Kituo hicho hakikuwapo mwaka uliopita. Kilima kilichokuwa nyuma yake hakikuwapo pia, wala lile daraja refu lililotangulia. Zamani safari ya kwenda kwa mama ilikuwa ya kumalizia pipi mdomoni: unatoka mjini, unafuata ukuta wa shule, unakata kona kwenye karakana ya seremala, na mama huyo hapo, anafagia kizingiti. Sasa barabara ilikuwa imerefuka, na wenye vituo vya mafuta, ambao hawalali kwenye biashara, walikuwa wamejenga vitatu.

Mwenye gari alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka madukani na kwenye bucha na mawe yake ya shaba, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Wenzake walimwita Gramu, maana hakuwahi kumsamehe mtu hata gramu moja. Alikuwa mwaminifu na alijijua hivyo. Kwa hiyo gari lake lilipoanza kunywa mafuta kama lililotoboka, alijua pa kuweka kosa: kwenye gari.

Mama yake alikuwa na presha ya macho. Daktari wa mjini alikuwa ameeleza kwamba ugonjwa huo hauumi wala hauna kelele. Huiba nuru pembeni, ukasogea katikati polepole, na kilichokwisha kuibwa hakirudi. Lakini mgonjwa akiwahiwa, akapimwa na kupewa matone yake kila mwezi, huzeeka na macho yake. Kazi ya Gramu ilikuwa kumchukua mama siku ya kliniki na kumrudisha. Mwezi mmoja alipata kikao, akasema watakwenda mwezi unaofuata. Mwezi uliofuata aliona geji ya mafuta imeshuka kuliko kawaida, naye akaudhika. Kwa kuudhika huko, mwezi wa tatu hakwenda, na barabara ikaota kilima.

Siku hiyo ya kituo cha mafuta alifika kwa mama alasiri, kliniki imeshafungwa. Mama alimpakulia chakula kwa kupapasa ukingo wa sahani.

"Nimeamua kubadilisha gari," Gramu alimwambia. "Hili linanimaliza. Nikipata linalokula kidogo, nitakuwa nakuja kila wiki. Wewe tulia tu, nakuja kukuchukua."

"Mimi sina haraka, mwanangu," mama alisema. "Macho ndiyo yenye haraka."

Gramu alicheka, kwa sababu mama yake tangu zamani alikuwa na maneno. Kisha akaangalia saa, kwani njia ya kurudi ilikuwa ndefu pia.

Fundi alilala chini ya gari asubuhi nzima. Alifungua plagi, akasafisha chujio, akapima upepo wa magurudumu, akatoka anafuta mikono kwa tambara.

"Gari halina neno, bosi. Kazini unakwenda nalo vizuri, si ndiyo? Sokoni je?"

"Vizuri."

"Basi ni barabara. Ninao wateja kadhaa wenye barabara kama hiyo. Mmoja ni ya kwa kaka yake, wamegombana shamba. Hiyo saa hizi ina mpaka hoteli."

"Na ukibadilisha gari?"

"Gari jipya ni gari jipya," fundi alisema, akarudi chini ya gari la mtu mwingine.

Mkewe hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akikunja nguo, na aliendelea kukunja. "Mlete mama akae hapa. Chumba kipo."

"Chumba kina mizani."

Ni kweli kilikuwa na mizani. Gramu alihifadhi humo mizani mibovu aliyonyang'anya wafanyabiashara, imepangwa kutoka sakafuni hadi dirishani, kila mmoja na kasoro yake.

"Mizani haihitaji dirisha," mkewe alisema.

"Tupate gari kwanza."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Baba watoto."

"Na haraka haraka haina baraka," alijibu, akaona amemshinda. Methali za watu wetu zina ubaya huo: kila mtu hupata ya kumtosha.

Kuchagua gari kukawa kazi ya pili. Gramu alikusanya vipeperushi, akakaa mezani na kikokotoo, akalinganisha injini ndogo na ya kati, la mafuta na la umeme nusu, jipya na lililotumika. Akienda kujaribu moja, alikuta wiki ile ile limetoka jingine lililolipita kwa kubana mafuta. Mama akipiga simu, alimwambia amebakiza mawili ya kuchagua. Mama aliuliza rangi zake. Alimtajia, na mama akasema kwamba ya kijani ilikuwa nzuri sana, anaikumbuka.

Mwishowe akanunua la kijani. Muuzaji alipiga boneti kwa kiganja, akasema, "Hili halinywi mafuta, mzee. Linanusa tu."

Alisema kweli. Siku ya kliniki Gramu aliondoka kabla mvuke haujaisha kwenye kikombe chake cha chai. Alipita kituo cha kwanza bila kusimama, na mhudumu akampungia mkono. Akapita cha pili na cha tatu, geji haijatikisika, na moyo wake ukawa mweupe. Akapanda kilima. Nyuma yake kulikuwa na kilima kingine, halafu uwanda usio na nyumba, halafu mto ambao hakuwahi kuusikia ukitajwa. Gari lilinusa, likaenda. Jua lilimpita juu ya kichwa, likamtangulia. Mafuta yalikuwapo tele, lakini kesho yake alikuwa na ukaguzi wa bucha. Kabla jua halijazama akapata mahali papana, akageuza.

Aliporudi nyumbani, mama yake alikuwa ameketi sebuleni. Mezani palikuwa na sufuria iliyofungwa kitambaa, na mkewe alipoifungua, mvuke ulipanda.

"Mama, umekuja na nini?"

"Na miguu."

"Njia yote hiyo?"

"Njia gani, mwanangu? Si ile ile? Nimeosha vyombo, nikatoka. Kona ya seremala, ukuta wa shule, nimefika. Ukuta nimeushika kwa mkono." Uso wake ulielekea kidogo pembeni ya pale alipokuwa amesimama mwanawe.

"Kwa nini hukuja siku zote hizi?"

"Si ulisema unakuja? Mtu akikuambia anakuja, hutoki. Mnaweza kupishana njiani, yeye akakuta mlango umefungwa." Akalainisha kitambaa cha sufuria kwenye goti lake. "Leo nimesikia moyoni kwamba umegeuza, ndiyo nikaja."

Gramu alikaa chini. Neno hilo lilimuuma, na hakuwa na jiwe la shaba la kulipimia.

Mama alilala kwenye kochi, kwa kuwa chumba kilikuwa na mizani. Asubuhi, kabla ya ukaguzi wa bucha, walimpeleka kliniki, ingawa siku yake ilikuwa imepita. Daktari alimulika tochi jicho la kulia, akamulika la kushoto, akaizima.

"Mngewahi," alisema.

Gramu alimweleza habari za gari la zamani, jinsi lilivyokuwa likila. Daktari alisikiliza kwa adabu. Alisema hata yeye anayo barabara ya namna hiyo, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Tangu hapo mama huja mwenyewe kila Jumamosi, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika sufuria ya moto. Kazini Gramu husifiwa kwa gari lake: tangi moja linamaliza miezi. Naye hueleza kwa furaha mambo ya injini. Chumba bado kina mizani, ila mkewe ameifuta vumbi na kufungua dirisha.

Jumamosi iliyopita, mama aliposimama kuaga, Gramu aliona miguu yake imevimba.

"Subiri, mama," alisema. "Leo nakupeleka kwa gari."

"Kwa gari ni mbali, baba."

"Subiri tu. Nachukua ufunguo."

Ufunguo haukuwa kwenye msumari wake. Aliutafuta juu ya kabati, akautafuta kwenye koti la kazini. Alikuwa ameingiza mkono nyuma ya mto wa kochi, palipokuwa bado na joto la mtu, simu ilipolia.

"Nimeshafika, mwanangu," alisema mama yake. "Acha kuhangaika, usije ukamaliza mafuta."