Cha Kukurudisha Nyumbani

Kijana wa dirisha namba nne alisukuma bahasha chini ya kioo, akagonga kwa ukucha mahali pa kusaini.

"Imesemaje, mwanangu?" msusi aliuliza.

"Sijui, mama. Mimi natoa tu. Haturuhusiwi kufungua."

"Umekaa humo ndani na hujui?"

"Humu si ndani. Wanaoamua wako kwingine." Macho yake yalikuwa yamekwisha kuhamia kwa mtu wa nyuma. "Anayefuata."

Getini mlinzi alimtolea simu kutoka kwenye sanduku la mbao ambamo kila mtu huacha simu kabla hajaingia. Simu ya msusi haikuwa ya kutafutwa. Ilikuwa imefungwa raba nyekundu ya nywele, kuzuia mfuniko wa betri usidondoke. Akavuka barabara na bahasha mkononi, bila kuifungua. Lugha ya mle ndani hakuijua.

Ng'ambo kulikuwa na kibanda cha kutoa nakala. Mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza jina, watu walimwita Fotokopi tu. Ndiye aliyemjazia fomu mwezi uliopita. Aliifungua barua, akaanza kusoma kwa sauti, kisha sauti ikamwisha, macho yakaendelea peke yake mpaka chini.

"Soma. Barua ni yangu."

"Wamekunyima viza, mama."

"Nimekwambia soma."

Fotokopi akakohoa. Kibanda kilikuwa na watu wanne wanaongoja nakala zao, na wote walinyamaza kwa heshima ile ya watu wanaotaka kusikia vizuri. "Wanasema wameiona barua ya hospitali. Wanakubali binti yako anaumwa, anapasuliwa kichwa mwisho wa mwezi. Wanakupa pole. Lakini hawajaridhika kwamba ukishamuuguza utarudi. Huna mume, huna mshahara, huna mali yenye jina lako. Kwa kifupi, huna cha kukurudisha nyumbani."

Msusi akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyokuwa kiti cha wateja. Barazani kwake alikuwa amemwacha mwanamke na kichwa nusu, upande mmoja umesukwa, mwingine umetimka, akiwa amemwahidi kwamba anarudi sasa hivi. Na chumba cha nyuma alikuwa amemwacha mama mkwe wake, ambaye hainuki mwaka wa sita, na ambaye saa hiyo alipaswa kugeuzwa ubavu.

"Mkwe wangu ulimwandika?"

"Nilimwandika. Mstari mzima."

"Sasa wanadhani nikihamia huko nani atamgeuza?"

"Mama, mkwe hana stakabadhi."

Mmoja wa wateja akacheka, akajutia.

Fotokopi alizieleza njia zilizobaki, na kwa haki alizieleza bila kuzipamba. Anaweza kukata rufaa, ikasomwa na mkubwa zaidi. Anaweza kuomba upya na kulipa upya. Kuna na mtu fulani anayetengeneza taarifa za benki, zinatoka safi kama za kweli, ila wakikunasa hutakanyaga huko maisha yako yote.

"Au binti arudi, apasuliwe hapa," alisema.

"Madaktari wamesema akipanda ndege kile kivimbe cha kichwani kinaweza kumuua angani."

"Basi rufaa. Ila tuwaletee nguvu. Nyumba. Ukipata karatasi ya nyumba yenye jina lako, watasema nini tena?"

Alipofika nyumbani yule mwanamke wa kichwa nusu alikuwa amejifunga kitambaa na kuondoka. Msusi akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akapitisha mkono chini ya mgongo wa bibi kizee, akamgeuza.

"Umechelewa," mkwe alisema ukutani. "Wamekupa?"

"Wamenyima. Wanasema sina cha kunirudisha."

"Mimi ni nini, mto?"

Msusi akacheka, na akicheka machozi yakamtoka, akayafutia kwenye shuka lile lile alilokuwa akilinyoosha.

Jioni binti alipiga. Huko aliko kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mpaka alipoanguka na beseni mkononi. Sauti yake siku hizi ilitoka polepole, kama mtu anayechagua pa kukanyaga.

"Mama, si kupasuliwa ninakoogopa. Daktari amesema naweza kuzinduka sijui niko wapi, nimesahau hata lugha yao. Wanauliza nani atakuwepo nikifumbua macho."

"Waambie mama yako atakuwepo."

"Umepata?"

"Bado kidogo," msusi alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jambo zima lile.

Nyumba waliijenga yeye na marehemu mumewe, hela ya nywele na hela ya udereva, chumba baada ya chumba. Mume alipofariki ukoo ulikaa kikao sebuleni mwake, ukaamua hati iandikwe jina la shemeji mkubwa, mjane asije akaolewa nyumba ikamfuata mwanamume mwingine. Kikao kilipokuwa kinaamua, yeye alikuwa jikoni anachemsha chai ya kikao.

Shemeji alikuwa na duka la vipuri. Alimpokea kwa uso mkunjufu, akamwagiza mtu kiti, akamuuliza mbona amekonda. Msusi akaeleza yote, na mwisho akasema alilolijia: hati iandikwe jina lake, japo kwa muda.

"Kwa muda." Shemeji alilirudia neno hilo kwa upole. "Shemeji, hati si sufuria ya kuazimana."

"Ni mtoto wa ndugu yako anayepasuliwa."

"Ndiyo maana hujaniona nikikataa. Kubadili hati kunachukua mwaka. Nitakufanyia hivi. Naapa kwa wakili kwamba nyumba ni yako, anagonga muhuri, unawapelekea hao watu. Na wewe unaniandikia ya kwetu, ya ndani, kwamba huna dai lolote na unaniachia niifanyie nipendavyo."

"Kwa nini ya pili?"

"Ili ya kwanza isije ikanigeukia. Dunia hii, shemeji."

"Na nikirudi?"

"Ukirudi utatukuta. Sisi si watu wa kufukuzana."

Kwa wakili, karatasi ya kwanza ilikuwa katika lugha asiyoijua. Ya pili ilikuwa katika lugha yake kabisa, na aliisoma mara mbili, kwa hiyo hawezi kusema alidanganywa. Aliiogopa. Lakini aliogopa zaidi yale macho yatakayofumbuka na kuzunguka chumba yakimtafuta. Mfa maji haishi kutapatapa. Akasaini, shemeji akamshika bega, akamwambia Mungu ni mwema.

Aliporudi na kumsimulia mkwe, bibi kizee alifumba macho. "Yule nimemzaa mimi," alisema. "Namjua hata akikohoa. Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungenikataza, mama."

"Ningekukataza."

Jibu la rufaa lilifika upesi, kwenye kompyuta ya Fotokopi. Alilisoma, akalirudia, kisha akainuka akafunga nusu ya mlango wa kibanda ili wateja wasiingie.

"Hawakuigusa karatasi ya nyumba."

"Hawakuiamini?"

"Hawakuisoma. Rufaa inaangalia zile zile za mwanzo, kama yule wa kwanza alikosea. Kitu kipya hakihesabiwi. Imeandikwa huku chini, herufi za kusomea tochi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na wanasema yule wa kwanza hakukosea."

"Hukujua?"

"Mama, wote ninaowajazia huwa wanaomba upya. Wewe ndiye wa kwanza kukata rufaa hapa kwangu. Nilidhani nakupa njia iliyo bora."

Msusi alitaka kumkasirikia, na hasira haikuja. Alimwona tu mtu na mashine yake, kila siku anatoa nakala za mambo asiyoyaamua.

"Wanasema nini kingine?"

"Kwamba hakuna kinachokuzuia kuomba tena wakati wowote."

Wiki iliyofuata shemeji alikuja na mtu mwenye futi ya kupimia. Huyo mtu hakusalimia, alipima. Shemeji alieleza kwamba biashara imeyumba, kwamba mnunuzi mzuri hapatikani kila siku, kwamba kwa vile safari imeshindikana hakuna aliyedhulumiwa. Mama yake atamchukua mwenyewe. Vijana wawili wa dukani wakambeba bibi kizee na godoro lake, wakampandisha nyuma ya pikapu katikati ya matairi.

"Polepole, mimi si kochi," mkwe alisema. Kisha akamuuliza mwanawe: "Huko nani atanigeuza?"

"Mke wangu, mama."

"Mkeo namjua kugeuza shingo tu."

Msusi alimfunga kitambaa kichwani dhidi ya upepo. Bibi kizee akamshika kifundo cha mkono, akang'ang'ania, mpaka shemeji alipokibandua kidole kimoja kimoja, kwa adabu, na pikapu ikaondoka.

Ada ya ombi jipya ilitoka kwenye kiti chake cha kusukia, kioo kikubwa na kitanda. Yeye mwenyewe alipewa hifadhi na mteja mmoja, kwenye chumba cha kuwekea magunia, mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya kufika dirishani hachagui mwombaji, huchagua mashine. Mashine ilichagua siku ile ile ya kupasuliwa.

Asubuhi hiyo binti alimpigia kwa picha. Alikuwa amenyolewa. Kichwa kile msusi alikijua kuliko uso wake mwenyewe, alikisuka tangu nywele zikiwa hazishikiki, na sasa kilikuwa kidogo, chenye alama ya kalamu juu ya sikio.

"Zitaota," msusi alisema. "Nitakusuka."

"Nimewapa namba yako, mama. Sina mwingine wa kuandika. Wakimaliza watapiga, iwe vyovyote. Usizime."

"Sizimi."

"Kuna mkalimani watakayemweka. Wasipopokelewa watajaribu tena kesho."

"Nitapokea."

Getini mlinzi alinyoosha mkono.

"Leo niachie, baba. Mwanangu yuko kwenye kisu sasa hivi. Nasubiri wanipigie."

"Simu sandukuni, mama, au upishe wenzako."

"Basi ikiita niite."

"Nikianza kuita watu, nitalinda lini?"

Alimpa. Alimwonyesha raba nyekundu, akamwambia ni hii, na mlinzi akasema ameiona.

Dirisha lilikuwa namba nne tena. Kijana hakumkumbuka. Alimwambia aweke vidole kwenye kioo cha mashine, na mashine ikakataa, kwa sababu miaka ya nyuzi na mafuta ya nywele imevisugua vidole hivyo vikawa laini kama sabuni. Akaambiwa apanguse, aweke tena. Mara ya nne ikakubali. Kijana akafunua fomu ukurasa kwa ukurasa, na karatasi ya nyumba haikuwamo, maana nyumba ilikuwa imekwisha kuuzwa.

"Hapa kwenye anwani ya makazi umeacha wazi."

"Nahamahama kidogo, mwanangu."

"Mashine haipokei wazi. Andika unapoishi."

Alishika kalamu. Nyumba ya zamani ilikuwa na wenyewe. Chumba cha magunia kilikuwa na mwisho wa mwezi. Nyuma yake foleni ilikuwa inahema, mtu mmoja akafyonza.

Kupitia kioo cha mlango alimwona mlinzi akiinama kwenye sanduku. Mlinzi aliinua simu, ikawa inawaka mkononi mwake, raba nyekundu juu yake. Akaitazama. Msusi aliinua mkono kutoka pale alipo, akaupunga, lakini mlinzi hakuwa anatazama ndani.

"Mama," kijana alisema, "ukiondoka dirishani unaanza upya, na ada hairudi."

"Inaita ile. Ni mwanangu."

"Jibu tu swali tumalize. Ukishamuuguza huko, unarudi wapi?"

Mlinzi aliilaza simu kifudifudi ndani ya sanduku, akafunga mfuniko, akaendelea kupokea simu za wengine. Msusi alisimama na kalamu juu ya ule mstari mtupu.

"Mama," kijana alisema tena. "Unarudi wapi?"